Orodha Iliyochukua Kiti Changu

Mke wa kaka yangu ni mtu mzuri, na hilo ndilo lililonichosha tangu mwanzo. Mtu mbaya unaweza kumsema jikoni ukamaliza. Huyu alifika Kamina kutoka Lubumbashi na diploma yake ya informatiki, akasonga bukari, ugali wetu, mpaka shangazi zangu wakamsifu, akawa ananiita "yaya", yaani dada mkubwa, kila asubuhi kwa sauti laini. Nikakosa pa kumshikia.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu, naye hakuwa nacho: mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea papa, baba yetu.

Papa alifundisha shule ya Wametodisti maisha yake yote. Kabla macho hayajazimika aliandika kumbukumbu zake: stesheni, uvuvi wa utotoni kule Mulongo, wanafunzi wake, ndoa yake na mama. Kaka alizipiga chapa, mimi nikazitengenezea tovuti ili ndugu waliotawanyika wazisome. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, mrefu, usio na pa kuingilia wala pa kutokea. Kila alasiri nikitoka kufundisha nilikaa kwenye kiti cha mbao kando yake barazani, nikamsomea kwenye simu.

"Weye njo unafika?" alikuwa akisema. "Basi tusome."

Tukifika sehemu ya mama, ambaye hatunaye tena, papa alikohoa. "Pale, pita." Nami nilipita. Kwetu binti hatamki mbele ya baba maneno ya uchumba wa baba huyo. Ni aibu kwake na kwangu. Nilitelezesha kidole mpaka kwenye habari za shule, tukaendelea.

Ndipo mke wa kaka akaiwekea simu ya papa sauti inayosoma kilichoandikwa kwenye kioo. "Papa anaweza kusoma peke yake," alisema tukiwa mezani. "Inabakia tu orodha ya yaliyomo. Hii paje iko murefu sana, atapotea."

Papa akageuza uso upande wake taratibu, kama mtu aliyesikia chakula kinapakuliwa. Nikasema tovuti ni yangu, na orodha nitaitengeneza mimi.

Nikaitengeneza, tena kwa heshima. Kwetu humtaji mzee ukaingia moja kwa moja kwenye jambo. Hata tangazo la kanisani hutanguliza vyeo na salamu kabla ya kusema mkutano ni lini. Kwa hiyo kila mstari wangu ulianza: "Kumbukumbu za mzee wetu mpendwa, mwalimu mstaafu, baba wa ukoo, kuhusu...", ndipo likafuata jambo lenyewe. Nikaongeza vishale vya rangi vya kufungulia na kufungia kila sehemu. Kwa macho ilipendeza kweli.

Mke wa kaka aliitazama akauma mdomo. "Yaya, iko muzuri. Lakini tumupatie papa ajaribu. Na minyi nilitengeneza kamoja."

Kamoja! Alikuwa ameshatengeneza.

Jumamosi papa akashika simu. Yangu ilitangulia, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Sauti ikaanza: kumbukumbu za mzee wetu mpendwa, mwalimu mstaafu, baba wa ukoo... Papa akasogeza kidole kwenye mstari wa pili. Kumbukumbu za mzee wetu mpendwa... Wa tatu vilevile. Vishale vyangu navyo sauti iliviita "picha", basi, bila kueleza picha ya nini. Papa akaiweka simu magotini.

"Minyi nilishajua kama niko mwalimu," akasema. "Sasa stesheni iko wapi?"

Kaka alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka.

Ya mke wa kaka ilikuwa na maneno makavu: Stesheni. Mulongo. Shule. Mama yenu. Kila neno lilikuwa kitufe. Sauti ilisema "imefungwa", papa akagonga, ikasema "imefunguliwa" na kuanza kusoma palepale. Mwisho wa kila sehemu palikuwa na njia ya kurudi kwenye orodha. Papa akaenda stesheni, akarudi, akaenda Mulongo, akarudi, bila kumwomba mtu. Kisha akamwambia mke wa kaka, "Wafwako." Ndiyo asante ya Kiluba, ile anayowawekea watu anaowaheshimu. Mimi alikuwa akinipa ya Kiswahili.

Niliiondoa orodha yangu, nikaiweka yake, kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku zilizofuata sikwenda barazani. Nilijiambia nina mitihani ya kusahihisha, lakini nilitaka aniite. Hakuniita. Mwishowe nikashindwa, nikaenda, na njiani nikapanga maneno yangu: ile sauti inatamka Kiswahili kama mgeni, haijui kupumua pale papa anapopumua.

Nilipofika kona ya nyumba nikaisikia. Ilikuwa ikisoma habari za msichana aliyeshuka kwenye garimoshi amekumbatia kuku, akamwuliza mwalimu kijana njia ya kwenda kanisani, na mwalimu akampitisha njia ndefu makusudi. Sauti ilisoma yote, bila aibu, kwa kuwa haikuwa binti wa mtu.

Sehemu ikaisha. "Rudi kwenye orodha," ikasema. Kidole cha papa kikagonga. "Mama yenu. Imefungwa." Kikagonga tena. "Imefunguliwa." Msichana akashuka tena na kuku wake.

Papa alikuwa akicheka polepole. Katika alasiri zote nilizomsomea hakuwahi kucheka hivyo. Kiti changu kilikuwa pale kando yake, kitupu, nami nilisimama nyuma ya ukuta nikimwonea wivu kila mtu: mke wa kaka, ile simu, hata mama.

Nikazunguka nyuma. Mke wa kaka alikuwa jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Yaya, hauende kumusomea papa leo?"

"Papa iko anasoma," nikasema, nikamnyang'anya mchi.