Uji Uliosimama Juu ya Ukingo

Igoki wa Kaari alikuwa mtu wa kupenda kuona mwenyewe. Tangu utotoni kule Githongo, ukimwambia chungu ni moto, atakigusa kwanza ndipo akubali. Tabia hiyo ilimchoma vidole mara nyingi, lakini ndiyo iliyomfikisha kwenye kituo cha utafiti wa mazao karibu na mji wa Embu. Akawa fundi wa maabara, mwenye chumba chake mtaa wa Dallas na koti jeupe alilolipiga pasi kila asubuhi. Wenzake walimtania kwamba hata chai huipima kwa hadubini kabla ya kunywa.

Mwaka wa 1998 tabia hiyo haikumfaa kitu. Miti ya kahawa katika shamba moja la majaribio ilianza kuota alama nyeusi kwenye magome, na shamba hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa la mamake mzazi. Igoki alipitisha kidole juu ya alama hizo akasema ni nyufa za kiangazi, hazina neno. Daktari Linda, mtafiti mwenzao katika chuo kikuu kimoja cha Uskoti, alitazama picha zilizotumwa kwa posta akaona uvimbe, dalili ya ugonjwa unaoambukiza. Mtu hawezi kumlaumu, maana kwenye picha ya karatasi ufa na uvimbe huonekana vile vile, kivuli tu. Lakini kama ni uvimbe, miti yote ingeng'olewa na kuchomwa. Na nani angemwamini Igoki, anayetetea kahawa iliyomlipia karo? Hata Bwana Nyamu, mkubwa wa kituo, alimwambia kwa upole kwamba hapo anaona kwa macho ya mtoto wa mtu.

Ndipo wale wa Uskoti wakaleta mtambo wao. Zilikuwa kamera mbili zilizowekwa pamoja kama macho ya mtu, dishi la setilaiti juu ya paa, na televisheni kubwa ya kutazamwa kwa miwani maalum. Ukiivaa, kila jicho linapata picha yake, kilicho karibu kinakuja karibu na shimo linakuwa shimo kweli. Picha ile ile ingeonekana Embu na Uskoti kwa wakati mmoja, na televisheni ndogo kando ingewaonyesha wenzao wa ng'ambo wakiongea. Igoki alifurahi kupita kiasi, kwa kuwa sasa Linda angejionea. Aliunganisha nyaya zote mwenyewe, hakumwachia mtu.

Siku ilipofika, mama Kaari alitoka Githongo na kigogo cha mti mmoja ndani ya gunia, na uji wake. Kabla hawajaanza alimimina uji nusu kata ya kibuyu, akauweka kando ya kigogo, mbele ya kamera kabisa. Igoki akamwomba auondoe.

"Mami, hawa wako ng'ambo. Hawawezi kunywa."

"Hata kama wako kwa TV, ni wageni," mamake akasema. "Mimi siwezi ongelesha mgeni na meza tupu."

Ukibishana na mama Kaari utachoka wewe. Uji ukabaki.

Wakavaa miwani. Igoki akatazama. Kwenye televisheni kila ufa ulikuwa umeinuka na kutuna. Daktari Linda akasema, kwa sauti ya huzuni, kwamba anasikitika, lakini huo ni uvimbe na sasa wote wanauona. Bwana Nyamu akavua miwani, akaanza kumweleza mama Kaari habari za kuchoma. Igoki alikigusa kigogo tena, na kidole kikazama kwenye ufa. Macho yalisema juu, kidole kilisema chini. Kwa mara ya kwanza maishani alikishuku kidole chake, na jambo hilo lilimuuma vibaya.

Alipoinua uso, macho yakaangukia ile kata kwenye televisheni. Uji uliokuwa chini ndani yake ulikuwa umesimama juu ya ukingo, kilima kizima cha uji, na haumwagiki.

"Daktari Linda," akasema kwa Kiingereza, polepole, "tafadhali angalia uji wa mama yangu."

Linda akaitafuta kata kwa macho. Halafu kule Uskoti mtu akaanza kucheka.

Igoki alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya mtambo. Kwa haraka ya furaha yake alikuwa amechomeka waya wa kamera ya kulia mahali pa ile ya kushoto, kila jicho likapewa picha ya mwenzake, na kila bonde likageuka mlima. Akazibadilisha nyaya hizo mbili. Uji ukashuka ukatulia ndani ya kata. Na magome yakaonekana yalivyo, nyufa kavu zilizoishia kwenye ganda, na chini yake mti mzima. Daktari Linda alisogea mpaka pua ikaribie kioo, akasema alikosea tangu picha za kwanza, na hakuna mti utakaoguswa. Bwana Nyamu, pamoja na suti yake na ukubwa wake, alipiga makofi hadi miwani ikamponyoka.

"Wamesema aje?" mama Kaari akauliza.

"Wamesema kahawa yako ibaki, mami."

Mama Kaari akapiga vigelegele hadi walinzi wakaja dirishani. Kisha akaiinua kata kwa mikono miwili kuelekea kamera, kuwakaribisha wageni wake. Kwenye televisheni ndogo, Daktari Linda, miwani bado usoni, alinyoosha mikono yake yote miwili kuipokea. Mama Kaari alimwona, akacheka, akanywa kwa niaba yake mpaka mwisho.