Blogu Ilificha Jina Langu, Lakini Baba Mkwe Amesomewa Kila Kitu

Admin, pole na kazi. Nimeona unavyowasitiri wenzangu ndiyo nikapata moyo wa kuandika. Ila safari hii nimeanza kujificha mwenyewe. Kijiji sikitaji, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha. Mkisoma mtaelewa kwa nini.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, nina mtoto mmoja, bado ananyonya. Tunaishi huku Rungwe nyumbani kwa wakwe zangu, mume wangu anafanya kazi kiwanda cha chai. Shule niliishia kidato cha pili. Kitu Mungu alichonijalia ni kuigiza. Nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo pale Tukuyu mjini, tunazunguka magulioni kuelimisha watu mambo ya afya. Mimi hata kipaza sauti kikizima, mama anayeuza ndizi kule mwisho wa gulio ananisikia.

Kiongozi wetu tunamwita Mwalimu. Yeye ana utaratibu kwamba kabla mwanamke hajapewa nafasi kubwa, lazima afanye naye mazoezi peke yake ofisini. Siku yangu ilipofika alifunga mlango. Akaniambia niigize mke anayempokea mumewe katoka safari. Nikaigiza. Akasema haijanoga, akaanza kunipapasa. Nikamwambia Mwalimu, acha. Akacheka, akasema mwigizaji akiwa na aibu arudi akalime. Mtoto alikuwa mgongoni amelala. Nikapeleka mkono nyuma, nikamfinya paja. Mungu anisamehe, alilia sana mwanangu. Wenzetu wakaja mlangoni kuuliza kuna nini, Mwalimu akafungua, nikatoka.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilipomsimulia dada mmoja wa kikundini, alianza kulia. Akasema, "Mwenzangu, mimi sikuwa na mtoto wa kumfinya."

Hapo nikaona siwezi kukaa kimya. Uongozini ningeenda kwa nani, wakati mwenyekiti ni huyo huyo Mwalimu? Kuna kaka mmoja mjini anatengeneza simu, ana blogu yake anaandika habari za wilaya yetu. Aliwahi kuandika kuhusu daraja lililovunjika, likatengenezwa. Nikaenda nikamweleza yangu, ya yule dada sikuyagusa kwa sababu alinikataza. Alinisikiliza vizuri, hata soda alininunulia. Akaniahidi jina langu halitatoka.

Kweli jina halikutoka. Lakini aliandika kata ninayotoka, nafasi niliyokuwa naigiza, na kwamba huwa naenda mazoezini na mtoto mgongoni. Kikundi kizima mwenye mtoto mgongoni ni mimi tu. Halafu juu kabisa, kwa maandishi makubwa, akaweka kwamba kiongozi wa maigizo analala na waigizaji wake. Jamani, mimi sikulala naye. Nilimwambia alinipapasa nikatoka. Nilipomuuliza akasema bila kichwa cha namna ile watu hawafungui kusoma.

Wifi yangu ndiye aliyeisoma nyumbani, kwa sauti, baba mkwe akiwa amekaa nje kwenye kigoda. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba namenya ndizi, nasikia kila neno. Na wasiojua mila yetu Wanyakyusa niwaambie, mkamwana hasemi na baba mkwe wake, wala hamtazami usoni. Akipita njia hii, wewe unapita ile. Vijana wa mjini wameacha, lakini kwetu bado inashikwa. Kwa hiyo sikuweza kutoka nikasema, baba, siyo hivyo. Nilibaki na kisu mkononi.

Baadaye mama mkwe akanifuata jikoni. Akaniambia taratibu, "Gwe mama," yaani wewe mama, "baba yako hajasema kitu. Akinyamaza namna ile ujue ameumia." Mume wangu anasema ananiamini. Ila aliniuliza swali moja. "Kwa nini wa mtandaoni walijua kabla yangu?" Niliogopa angeenda kupigana afungwe. Nilidhani nikisaidiwa na blogu, Mwalimu atatolewa kimya kimya na nyumbani kwangu patabaki na amani.

Sasa Mwalimu ametishia kwenda polisi kwamba amechafuliwa. Yule kaka ameogopa. Anataka kuifuta habari yote na kuomba radhi kwamba haikuwa na ukweli. Nilimfuata dukani nikamsihi asifute, arekebishe tu, aandike nilichosema mimi. Akaniangalia kwa huruma kweli, akasema, "Dada, mimi fundi simu. Hata kumpigia Mwalimu nimsikie na yeye sikumpigia. Nikianza kurekebisha ndiyo nimejifunga mwenyewe."

Simchukii. Alitaka kusaidia. Lakini ikibaki vile ilivyo, mimi ni mwanamke aliyelala na Mwalimu. Ikifutwa, mimi ni mwongo, na Mwalimu anaendelea kufunga mlango. Yule dada ananiomba nivumilie, hayuko tayari kujitokeza, na mimi siwezi kumtaja.

Jumapili baada ya ibada ukoo unakaa kunijadili, kama nibaki au nirudishwe kwetu. Mume wangu amesema atanisemea, ila yeye akizidiwa na wakubwa huwa anainama tu. Nimesikia polisi kuna dawati la kinamama. Natamani niende, lakini naogopa wataanza na ile habari ya blogu kabla ya kunisikiliza mimi.

Nyie mliopita kwenye mambo haya, nielekezeni. Nimwache kaka afute, au niende dawatini mwenyewe kwa jina langu kabla hajafuta? Bado naamini kuna njia. Kwenye gulio zima nilikuwa nasikika. Jumapili wao watakuwa sebuleni, mimi nitakuwa jikoni na mwanangu, namnyonyesha ili asilie nisikie wanavyoniamulia.