Nilikunywa Maziwa ya Biashara Mbele ya Mteja

Cheka kwanza, kisha unihukumu. Niko na digrii ya biashara, na bado mimi ndiye niliyeiua biashara yetu hapa Kitengela.

Tulikuwa wawili. Mama Nasieku alileta maziwa ya ng'ombe wake kutoka Isinya, nami nikayalaza yagande yawe mala na kuyauza kwenye kibanda kando ya geti la ploti ninamopanga. Kila mara aliniambia tusajili biashara, tuchukue leseni. Kila mara nilimjibu kwamba bado nafikiria.

Na nilifikiria kweli! Nikisajili, watanijua. Wakinijua, watakuja kukagua. Wakikagua, watauliza kwa nini friji inafungwa kwa kamba. Nikaona heri tubaki wadogo, tusionekane.

Basi akaja mwanamume mmoja, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Akaangalia mitungi, akauliza kwa upole kama tuko na leseni. Nikajiambia: Huyu ni kanjo, mtu wa kaunti, leo nalala ndani!

"Hatuuzi," nikamwambia. "Haya ni maziwa ya nyumbani. Ni ya kunywa."

"Yote haya?"

"Napenda maziwa."

Akabaki kuniangalia. Ili aamini, nikajimiminia kikombe, nikanywa. Akazidi kunitazama, nikaongeza cha pili. Cha tatu nilikinywa nimefumba macho. Akanitakia afya njema, akaenda zake.

Jioni Mama Nasieku akapita kuuliza kama nimeelewana na yule mwalimu. Wueh! Alikuwa ametoka shule ya bweni, na Mama mwenyewe ndiye aliyemtuma kwangu. Shule ilitaka maziwa ya kila asubuhi. Aliulizia leseni kwa sababu haiwezi kununua kwa mtu asiye nayo, na alikuwa tayari kutungoja tuitafute.

Nilijaribu kueleza. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Kijana wangu, nimekama ng'ombe tangu nikiwa mdogo. Sijawahi kuona ndama anakunywa kama wewe."

Alicheka, lakini mitungi yake aliibeba. Akasajili biashara kwa jina lake peke yake, na siku hizi anapeleka maziwa shuleni moja kwa moja. Akipita hapa ananipungia mkono. Mimi nimebaki na kibanda, friji na kamba.

Wewe uliye na biashara ndogo, sikuambii usajili au uache. Hilo lifikirie, ila usizeeke ukilifikiria. Na mtu akikuuliza leseni, muulize kwanza anataka nini. Muulize kabla hujaanza kunywa.