Kisu Chini ya Ukosi wa Koti

Hivi ninavyoandika, mfukoni mwangu kuna kisu cha kukunja, na nyumbani nina vingine kwenye droo: vya mpini wa pembe, vya mfupa, vya mti mgumu ambao mchwa wenyewe huuogopa. Nina duka Nyeri mjini, nina duka Mukurweini, nina ghala ya mchele Kagio. Shule niliiacha darasa la pili, mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni. Leo waliobaki darasani huja kwangu kutafuta kazi. Lakini kuna siku moja ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa mkoloni, ambayo nikiikumbuka naogopa hata leo, na sikuzaliwa mwoga.

Kisu changu cha kwanza nilipewa na mjomba wangu aliporudi kutoka vita vya Burma, pamoja na koti lake refu la jeshi. Mpini ulikuwa wa pembe nyeusi yenye misumari ya shaba. Springi yake sijapata kuisikia tena. Ukikunja bapa, tap! Mtu aliye ng'ambo ya barabara anageuka. Wakati huo nilikuwa kijana wa kubeba ndizi kutoka Mukurweini hadi sokoni Nyeri, na akina mama wenzangu wa ndizi walinijua kwa mlio huo. "Ameshafika," walisema, "tumesikia kisu yake." Kutwa nzima kilikuwa kazini: kukata vichane, kumenya muwa, kuchonga viatu vya mpira wa gari. Na penye mbuzi, usiniulize. Kwetu mwanamume akija kwenye nyama bila kisu hungoja kukatiwa kama mtoto. Mimi sikungoja.

Halafu mambo yakageuka. Tukahamishiwa kijiji cha kuzungushiwa handaki. Jioni homugadi, askari wa kijiji waliowekwa na serikali, walikusanya mapanga yote na kuyafungia kwenye posti yao, na asubuhi unaomba panga lako mwenyewe kama unayeazima kwa jirani. Mama akaniambia, "Hiyo kitu kaizike shambani, mwanangu. Watu wanaenda kambi kwa vitu vidogo." Nikamwambia nitaizika. Badala yake nilishona mfuko chini ya ukosi wa lile koti, nyuma ya shingo kabisa, mahali ambapo askari hapapasi. Nikapita vizuizi nacho mara nyingi na mzigo wangu wa ndizi. Nilijiona nimeishinda serikali.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu. Tulisimamishwa karibu na Ruring'u, tukachutamishwa kwa mstari kando ya barabara, mikono nyuma ya shingo, tungoje ofisa mzungu aje kukagua pasi zetu za kusafiria. Wanawake walipekuliwa wakaachwa waende na mizigo yao, wanaume tukabaki. Aliyetupekua alikuwa koplo mmoja, mtu wa magharibi ya nchi, mkubwa kama mlango wa kanisa. Alinipapasa makwapani, kiunoni, miguuni, akaridhika. Fundi viatu aliyekuwa mbele yangu alikutwa na msumari alioutia makali, basi. Msumari tu. Akapandishwa lori la kambi ya kizuizini, na sisi sote tukaangalia chini.

Pembeni yangu alichutama mzee mmoja wa kijiji chetu, mtu wa mdomo. Akaninong'oneza, "We mjisifu, leo mbona hatusikii tap?"

"Nyamaza, guka," nikamwambia babu huyo.

Vidole vyangu, kwa vile mikono ilikuwa nyuma ya shingo, vilikuwa vimelala juu ya kisu chenyewe. Nilikisikia kupitia kitambaa.

Koplo naye alikuwa na njaa. Akakaa kwenye gogo, akatoa mkebe wa nyama, ule wa duara. Kifunguo chake kilikuwa kimekatika. Akachomoa singe ya bunduki yake na kuanza kuuchoma ule mkebe kama anaua nyoka. Mkebe unaruka. Anaufuata. Mchuzi unamrukia usoni. Alikuwa ameshautoboa hapa, ametoboa pale, na nyama nzuri inamwagikia tope.

Nisikilize vizuri hapa, kwa maana mpaka leo mimi mwenyewe sielewi. Sikuamua. Mdomo wangu ulisema, "Afande, unaharibu nyama! Kisu haisukumwi, mkebe ndio inazungushwa. Ona." Na nilipojitazama nilikuwa nimenyoosha mkono, na mkononi kulikuwa na kisu changu, kimefunguliwa, kinang'aa kwa manyunyu.

Mzee wa pembeni yangu alifumba macho.

Koplo aliinuka polepole. "Wewe," akasema. "Si mimi nimekupekua?"

"Ndiyo, afande."

"Mimi mwenyewe, na mikono yangu hii?"

"Ndiyo, afande."

Akakitazama kisu, akazitazama alama za begani mwake. Nami nikaona kile alichokiona: akinipeleka mimi, ataulizwa nilipitaje. Chini bondeni tukasikia Landrova ya ofisa ikipanda.

"Fungua," akasema. "Upesi."

Nikaushika mkebe gotini, nikatia ncha, nikashika kisu kikatulia, nikazungusha mkebe. Mfuniko ulitoka mviringo kama sarafu. Hata kwa hofu ile, kazi yangu ilikuwa safi. Koplo akaunyakua. Mimi nikataka kukunja kisu, na hapo ndipo nilipokwama, maana kukikunja ni tap, na Landrova ilikuwa imeshafika. Nikakaa chini kabisa, nikakiweka kikiwa wazi chini ya paja.

Ofisa akashuka. Macho yake yalikwenda kwenye mkebe kabla ya kutufikia sisi.

"Nani fungua hii? Mzuri sana."

"Mimi, bwana. Na singe," koplo akajibu.

"Wewe?" Ofisa akacheka, akarudi kwenye gari, akaja na mkebe wake. "Basi fungua yangu pia."

Maskini koplo. Akatia ncha ya singe. Akaanza kusukuma. Mkebe ukateleza. Akanitupia jicho mara moja tu, kisha nikaona mkono wake wa singe ukitulia na ule mwingine ukianza kuzungusha. Mfuniko ulitoka, umechanikachanika kama sikio la mbwa wa vita. Niliona aibu kwa niaba yake, lakini ulitoka.

"Simama! Pasi!" ofisa akatupigia kelele.

Mzee akasimama. Aliyefuata mimi. Nikisimama, kisu kiko wazi juu ya majani. Nisiposimama, ni lori. Nikabaki nimekaa. Ndipo teke likanipata kiunoni.

"Simama, mvivu wewe!"

Nilirushwa mbele, na buti la koplo likatua pale nilipokuwa nimekalia. Kah! Nikasikia pembe ikipasuka chini yake. Ofisa akageuka.

"Ni mfuniko, bwana. Nimekanyaga," koplo akasema.

Ofisa akasoma pasi yangu, akanitazama, akanirudishia. "Enda."

Nikajitwika ndizi zangu. Sikugeuka nyuma mpaka sokoni, na huko sikumwambia mtu lolote, mimi ambaye nikimuuzia mtu kichane kimoja humsimulia mwezi mzima.

Wiki iliyofuata nilipita tena, safari hii bila koti. Foleni ilikuwa ndefu, na akina mama wa ndizi walikuwa mbele yangu na nyuma yangu. Koplo alikuwa amekaa kwenye gogo lake, anakula. Mkononi alikuwa na kisu changu. Mpini uliopasuka alikuwa ameuzungushia waya wa shaba. Mkebe mbele yake ulikuwa umefunguliwa mviringo, safi kabisa.

"Wee muuza ndizi," akaniita. "Unaona kisu yangu?"

"Ninaona, afande."

"Nzuri?"

"Nzuri sana, afande."

"Ulishawahi kuiona mahali?"

Kile kisu nilikuwa nimekitambia Mukurweini nzima. "Hapana, afande," nikasema. "Ndiyo mara ya kwanza."

Akapangusa bapa kwenye kaptura yake, akakikunja.

Tap!

Akina mama wote wa foleni waligeuka. Hakuna hata mmoja aliyemtazama koplo. Walinitazama mimi.