Bomba Chini ya Posho Mili

Waruguru alisaga mahindi ya watu nyuma ya viwanda vya Thika kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakukosa kulipa kodi ya ploti, ile ambayo watu huita reti. Aliilipa akinuna. Mumewe Githae alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekwenda kusimama kwenye foleni. Alipofariki, Waruguru alirithi foleni hiyo pamoja na posho mili, ile mashine ya kusagia, na vyumba sita vya kupangisha, na kila aliporudi kutoka ofisini aliwauliza wapangaji wake kama wao wamewahi kuiona hiyo pesa ikitembea mtaani. Wapangaji walicheka. Barabara ilikuwa matope, na taa ya mtaa ilikuwa mlingoti mtupu.

Kwa hivyo wenye ploti walipoitwa kwenye ukumbi wa kanisa kuzungumzia viwango vipya, alizima mashine saa nne asubuhi, akajipangusa unga, akaenda kukaa mstari wa mbele. Alikuwa na la kusema.

Aliyesimama kueleza hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, amevaa sare ya zimamoto, jina lake Dorine Aketch, mkuu wa kituo. Hakusoma karatasi yoyote. Alisema gari lao hubeba maji ya dakika chache tu; mpira wa maji ukifunguliwa wote, tangi huisha kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Baada ya hapo huuacha moto ukiwaka, wakaenda kutafuta maji, na wakirudi hukuta majivu na watu wanaowatukana. Zamani, viwanda vilipokuwa vikijengwa, mabomba ya chuma yalilazwa chini ya mitaa, na kila baada ya hatua kadhaa paliachwa mdomo wa kuchotea maji ya zimamoto. Mji ukakua juu yake. Midomo mingine ilimezwa na lami, mingine na kuta za watu. Sehemu ya reti ya mwaka huo, alisema, ilikuwa imetengwa kwenda kuifukua.

Waruguru akainuka.

"Mimi nimelipa miaka yote," alisema. "Nimelipia maji ambayo sijawahi kuyaona. Nionyesheni kitu kimoja tu, kitu naweza kushika na mkono."

Ukumbi ulimpigia makofi. Dorine alingoja makofi yaishe. Hakukasirika. Alimwuliza ploti yake iko wapi, akaandika kwenye kiganja cha mkono, akasema wataanzia huko.

Waruguru hakutarajia kumwona mtu. Lakini wiki ya pili alitokea mzee mmoja mkimya anayeitwa Munyao, fundi wa mabomba aliyekuwa amestaafu akaitwa tena, kwa kuwa ni yeye tu aliyekumbuka njia za mabomba hayo. Alibeba fimbo ndefu ya chuma na mchoro uliokunjwa mpaka ukachanika kwenye mikunjo. Alianza kwenye kona ya barabara, akihesabu hatua. Akapita geti. Akapita vyumba vya wapangaji. Akaingia moja kwa moja ndani ya posho mili, akasimama kando ya mashine na kugonga sakafu kwa fimbo yake. Akaweka sikio kwenye ncha ya juu, akagonga tena.

"Mdomo mmoja uko hapa chini," alisema.

"Hapa hakuna kitu, mzee. Hii simiti alimwaga bwana yangu mwenyewe."

Munyao aliitazama sakafu. "Basi alijua bomba liko hapa, Mama Njau," alisema polepole.

Waruguru aliketi juu ya gunia. Alikumbuka kwamba wiki ile Githae alipojenga kitako cha mashine, aliwapeleka yeye na mtoto wao Njau kwa mama yake huko Kalimoni, akasema vumbi la simiti litamdhuru mtoto. Waliporudi, sakafu ilikuwa imekauka na mashine imesimama. Miaka yote hiyo aliihesabu wiki ile kuwa ya mapenzi. Sasa aliona haya. Alikuwa amesimama kanisani mbele ya watu, akidai aonyeshwe maji, na maji yenyewe yamekaliwa na nyumba yake.

Munyao hakumsukuma. Alimweleza kwamba kitako kingine kitajengwa upande wa pili bila yeye kugharimia, ila siku za kutosaga zingekuwa hasara yake, na kama hataki, atakwenda kumwambia madam Dorine hivyo. Waruguru aliizunguka mashine mara mbili. Kisha akasema wavunje.

Walivunja kwa siku mbili. Chini ya simiti walikuta pipa lililokatwa katikati, limefunikwa kichwa chini. Ndani ya pipa palijaa mchanga mkavu, na ndani ya mchanga mdomo wa bomba, umepakwa grisi ukazungushiwa kitambaa cha kijani kibichi. Waruguru alikitambua kabla hakijafunguliwa. Ilikuwa leso yake, iliyopotea kwenye kamba ya nguo akamshuku jirani.

"Huyu hakuwa analitupa bomba," Munyao alisema. "Alikuwa analihifadhi."

Waruguru alikishika kitambaa kile, hajui kama amkasirikie Githae au acheke. Mtu alikuwa mwizi wa nafasi na mlinzi wa bomba kwa mkono mmoja. Akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa aproni.

Siku ya tatu Dorine alikuja mwenyewe. Waliondoa mabati mawili kwenye paa, Munyao akaunganisha bomba la wima juu ya mdomo ule, akaingiza ufunguo wa chuma na kuuzungusha kwa mikono miwili. Hakukutokea kitu. Akazungusha tena. Chini kabisa kitu kikakohoa. Upepo ukatoka, ukafuatwa na matone ya kutu, kisha ukaja mngurumo ambao Waruguru aliusikia kwanza kwenye nyayo zake na baadaye ndio masikioni.

Maji yakapanda. Yalipenya pale palipokuwa na mabati, yakalipita paa, yakalipita ghorofa la jirani, yakasimama juu kule kama kitu kilichopandwa. Kwanza yalikuwa ya rangi ya udongo, baadaye meupe, baadaye yaking'aa hata huwezi kuyatazama. Wapangaji walitoka vyumbani na sabuni mikononi. Waruguru alikuwa amebeba maji mgongoni tangu akiwa msichana, mtungi kwa mtungi, akijua uzito wa kila lita. Na haya yalikuwa yamelala chini ya miguu yake miaka kumi na tisa, yakisukuma bila kuchoka, yakingoja mtu afungue. Yalimwangukia usoni, naye hakusogea.

Mwezi wa pili baada ya hapo, saa tisa mchana, cheche za mtu aliyekuwa akichomelea geti ziliruka zikaangukia karakana ya magodoro ya Ouma, ploti tatu kutoka hapo. Sponji haina huruma. Moshi mweusi uliufunika mtaa, na juu ya karakana kulikuwa na vyumba vya familia kumi na nne. Gari la zimamoto lilifika, likafungua maji, na kama Dorine alivyokuwa amesema, tangi likaisha upesi. Hapo ndipo watu kwa kawaida huanza kutupa vitanda nje.

Waruguru alikuwa tayari amefungua geti na kuburuta magunia kando. Dorine aliingia akikimbia, mpira begani, akauchomeka kwenye bomba, akazungusha ufunguo.

"Mama, usiache mtu aukanyage," alisema, akatoka.

Mpira uliokuwa umelala bapa uani ukavimba, ukakakamaa, ukanyooka hadi nje ya geti. Waruguru alichuchumaa akauwekea kiganja. Ulikuwa baridi, na ulitetemeka. Aliwafikiria watu aliosimama nao kwenye foleni mwaka baada ya mwaka: mama wa mwavuli mwekundu, mzee aliyelipia shamba la marehemu baba yake, kijana aliyesinzia wima. Hakujua jina la hata mmoja wao. Wote walikuwa ndani ya mpira huu, wakisukuma, na hawakujua.

Moto ulizimwa jua likiwa bado juu. Ouma alipoteza karakana, lakini vyumba vya juu vilibaki, na watu wake wote wakahesabiwa wakapatikana. Alikuja akaketi posho mili, ananuka moshi. Waruguru alimpa uji.

Kesho yake Munyao alipita kuangalia kama mfuniko wa mdomo ule umekaa sawa. Alivua kofia mbele ya bomba. Kisha akasema kwamba kwenye mchoro bado kuna mengine mengi, na la karibu zaidi liko chini ya pale wanapoosha magari, ila mwenyewe amekataa katakata watu waguse sakafu yake.

"Nani huyo?" Waruguru aliuliza.

"Kinyanjui."

"Huyo namjua, twende kwake," alisema, akaanza kufungua aproni.