Injini ya Mvuke Barazani kwa Mkwe

Mama mkwe alipohamia kwetu Majengo, tuliishi kwa adabu iliyozidi kipimo. Kwao Usukumani mkwe wa kiume hatazamwi usoni, na mimi Mfipa, niliyezoea kupiga soga na kila mtu, ilinibidi nijifunze kumwamkia nikiwa nimegeukia ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," aliujibu ukuta. Yakaishia hapo.

Alikulia Tabora, kando ya reli, na baba yake alikuwa mchochea moto kwenye gari moshi. Mke wangu aliniambia kwamba mama hakosi chochote kwetu isipokuwa mlio wa treni. Sumbawanga haina reli. Lakini mimi ni fundi wa kuchomelea, basi nikaamua kumuundia injini ya mvuke ya zamani, ndogo, inayotembea kweli. Nilitafuta picha kwenye simu, na kila futi ya injini yenyewe nikaipa nusu inchi. Boila nililitengeneza kwa bomba la shaba, magurudumu nikayakata kwenye chuma cha trekta bovu nililolipata Chala.

Mama mkwe alikaa barazani akipepeta ulezi, kanipa mgongo. Sijui aliniona kwa jicho gani.

"Mwambie mwenzio bomba la moshi limezidi urefu," alimwambia binti yake. "Hilo ni gari moshi, si twiga."

Mke wangu, mwiko mkononi, alinigeukia. "Anasema bomba refu."

"Mwambie mama nitalipunguza."

"Mwambie asipunguze sana."

Tukaenda hivyo wiki kadhaa, mke wangu akitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, mpaka ugali ukaungua na yeye akagoma. Siku hiyo nilifunga bolti kimyakimya, na mama akakohoa kila nilipokosea.

Jumapili moja, baada ya misa, nililaza reli barazani, nikajaza maji, nikawasha spiriti. Injini ilitetemeka, ikapiga chafya, ikaanza kutembea. Nikavuta filimbi. Ikalia vizuri mno, kisha ikakataa kunyamaza. Mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mvuke ukanifunika uso, nikawa napapasa ovyo.

"Funga mvuke, mwanangu. Kushoto. Kushoto, nimesema."

Mkono uliozungushiwa kanga ulipita mbele yangu ukakaza koki. Mvuke ulipotawanyika tulikuwa tumeinama wote wawili juu ya injini, tukitazamana macho kwa macho. Alijifunika uso kwa kanga. Nikadhani analia, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko, nami nikashindwa kujizuia.

Tangu hapo ananisemesha moja kwa moja, na hakuna wa kumzuia. Amesema juu ya rangi ya injini, juu ya shati langu, juu ya ninavyokula nikiwa nimesimama. Mke wangu anasema amepata likizo.

Juzi aliniita barazani akauliza kama naweza kuunda na behewa. Nikamuuliza la daraja gani.

"La tatu," akasema. "La kwanza sikuwahi kuingia, sitajua ukikosea."