Damu ya Mama Ilikuwa Kidogo

Juzi niliona kwenye kioo uvimbe shingoni, kama ule wa Mama, nikakosa usingizi nikijiuliza kama si heri kutojua.

Nikajiona tena mtoto katika maabara ya Thika, penye harufu ya spiriti na joto la mchana. Daktari aliyeuangalia ule uvimbe wa Mama alikuwa amesema damu yake ni kidogo. Sasa mtu wa maabara alikuwa akiivuta kwa sindano.

"Si mmesema iko kidogo? Na bado mnatoa!" nililia.

Mama alicheka. "Nyamaza, mami. Wasipoipima, watanitibu nini?"

Sikumwamini. Nilimshikilia pamba mkononi hadi nyumbani, lisitoke hata tone.

Leo, katika maabara huko Ruiru, mpimaji wa damu aliniuliza kama niko tayari. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.